Heshima ya mwalimu ilipotea lini, na nani aliyeipoteza?

SWALI: Mwalimu mmoja wa shule ya msingi wilayani Handeni ameandika kwamba babu yake alifundisha tangu kabla ya Uhuru, na kwamba hata wazee waliomzidi umri walikuwa wakimpisha kiti anapofika barazani. Yeye mwenyewe ana shahada ya ualimu, lakini hivi karibuni mzazi mmoja alimfokea mbele ya darasa zima na hakuna aliyeshangaa. Wenzake wanamwambia kwamba chanzo ni mshahara mdogo. Anauliza kama hiyo ni kweli, kama heshima ile inaweza kurudi, na kama amshauri mdogo wake, aliyepata daraja la kwanza kidato cha sita, asomee ualimu.

JIBU: Mwalimu, nianze na mshahara, kwa kuwa ndilo jibu ulilopewa na lina ukweli ndani yake, ingawa halifiki kwenye mzizi wa jambo. Katika miaka ya 1980, mfumuko wa bei nchini ulipokuwa ukizunguka asilimia 30 kwa mwaka, mshahara wa mwalimu uliliwa na bei za vitu hata ukabaki jina tu, na hapo ndipo walimu walipoanza kuonekana wakiuza maandazi na barafu shuleni, kulima wakati wa vipindi, na baadaye kufundisha twisheni kwa malipo mambo yaleyale waliyopaswa kuyafundisha asubuhi bila malipo. Watoto na wazazi waliyaona hayo yote. Leo tunaona sura nyingine ya jambo hilohilo, pale mwalimu anapomkabidhi mkopeshaji wa kausha damu, yaani mikopo ya riba kubwa mno, kadi yake ya benki pamoja na namba ya siri, kisha mwisho wa mwezi anasubiri arudishiwe kinachobaki. Mtu anayefahamika kijiji kizima kwamba kadi yake inashikiliwa na mtu mwingine hawezi kusimama mbele ya kijiji hicho kama babu yako alivyosimama.

Hata hivyo, kama mshahara ungekuwa ndio kila kitu, tungeshindwa kueleza mambo mengi yaliyo mbele ya macho yetu. Mwalimu wa chuo cha Kurani katika miji ya pwani, kuanzia Tanga hadi Kilwa na kote Unguja, kwa kawaida hupata kidogo sana, na mara nyingi kidogo hicho hutoka mikononi mwa wazazi wenyewe, lakini mzazi anayemfokea mwalimu huyo hadharani huonekana yeye ndiye aliyejidhalilisha. Kule Marekani, taasisi ya Gallup imekuwa ikiwauliza wananchi kila mwaka wanawaonaje watu wa kazi mbalimbali kwa uaminifu na maadili, na tangu wauguzi walipoingizwa kwenye orodha hiyo mwaka 1999 wameshika nafasi ya kwanza karibu kila mwaka, isipokuwa mwaka 2001 ambapo wazimamoto waliwapita baada ya mashambulizi ya Septemba. Wauguzi hawawazidi kipato mawakili wala wakuu wa benki, ambao huachwa nyuma kwa mbali katika orodha hiyo. Mshahara una uzito, bali uzito wake mkubwa ni wa ishara: raia hutazama namna mwajiri anavyomtendea mtumishi wake, kisha naye humpima kwa kipimo hichohicho.

Kabla sijaendelea, nitenganishe mambo mawili ambayo swali lako limeyaunganisha, kwa kuwa kila moja lina njia yake ya kupatikana na ya kupotea. Kuna hadhi ya kazi, yaani mahali ambapo jamii inaiweka kazi hiyo miongoni mwa kazi nyingine, na kuna imani, yaani kama watu wanaamini kwamba mwenye kazi hiyo atawatendea haki. Mwanasosholojia wa Marekani Donald Treiman alikusanya tafiti kutoka nchi nyingi na kuonyesha mwaka 1977 kwamba hadhi za kazi hufanana mno duniani kote na hubadilika polepole sana. Daktari na jaji hukaa juu karibu kila mahali, na mfagiaji hukaa chini karibu kila mahali, haijalishi nchi ni tajiri au maskini. Imani haina utulivu huo, kwani inaweza kuporomoka ndani ya miaka michache bila hadhi kuguswa. Mwanasiasa ni mfano ulio wazi: watu hawamwamini, lakini wanauza viwanja ili mtoto wao agombee ubunge. Kwa mwalimu wa Tanzania yametokea kinyume cha hayo, kwani wazazi wengi bado wanamwamini kiasi cha kumwachia mtoto wao kutwa nzima, ila hawatamani mtoto huyo akue awe kama yeye. Kilichoanguka kwanza ni hadhi.

Hadhi ya babu yako ilisimama juu ya uhaba. Mwaka 1961 wanafunzi wote wa shule za msingi Tanganyika hawakufika laki 5, na vijiji vingi havikuwa na mtu mwingine yeyote anayeweza kusoma barua kutoka mashamba ya mkonge au kutoka kwa kijana aliyekwenda jeshini. Mwalimu alikuwa msomaji, mwandishi wa mashauri, mkalimani wa serikali na mmoja wa watu wachache waliokuwa na mshahara wa kila mwezi. Si ajabu kwamba chama cha Waafrika wa Tanganyika, African Association, kilipoanzishwa mwaka 1929, rais wake wa kwanza alikuwa mwalimu, Cecil Matola, wala si ajabu kwamba Julius Nyerere, aliyeacha kufundisha Pugu mwaka 1955 ili aiongoze TANU, hakuona haja ya kutafuta jina kubwa zaidi ya lile alilotoka nalo darasani. Niseme pembeni kidogo kwamba orodha ya walimu waliofika Ikulu, yaani Nyerere, Ali Hassan Mwinyi, John Magufuli, na jirani zetu Kenya Daniel arap Moi, hutajwa sana katika sherehe za walimu kama ushahidi wa ukuu wa kazi hii, ilhali wote hao tunawakumbuka kwa kazi waliyoifanya baada ya kuiacha chaki.

Heshima inayotokana na uhaba lazima ipungue uhaba unapokwisha, na uhaba wa wasomaji uliisha kwa kazi ya walimu wenyewe. Kwa takwimu za serikali, watu wazima wasiojua kusoma na kuandika walikuwa karibu theluthi mbili mwaka 1967 na wakabaki takriban asilimia 10 mwaka 1986. Mzazi aliyekufokea huenda ana kidato cha nne, huenda ana shahada kama wewe, na hakuhitaji umsomee barua yake. Sehemu hiyo ya heshima ya babu yako haitarudi, na sioni sababu ya kuililia, kwa kuwa ilitegemea wengine wabaki gizani.

Lakini hadhi haikupaswa kushuka kufikia hapa ilipo, na hapo ndipo ninapoona kosa lililotendwa na watu, si na wakati. Azimio la Musoma la Novemba 1974 liliamua kwamba watoto wote wenye umri wa kwenda shule wawe wameingia darasani ifikapo Novemba 1977, badala ya mwaka 1989 uliokuwa umepangwa awali. Kufikia mwaka 1980 wanafunzi wa shule za msingi walikuwa wamevuka milioni 3. Vyuo vya ualimu visingeweza kutoa walimu wa kuwatosha, kwa hiyo wakachukuliwa vijana waliomaliza darasa la saba, wakapewa madarasa, na wakafunzwa kwa miaka mitatu huku wakifundisha, kwa masomo ya posta, vipindi vya redio na usimamizi wa wakufunzi waliokuwa karibu. Hao ndio walioitwa walimu wa UPE, kifupi cha Kiingereza cha mpango wa elimu ya msingi kwa wote. Nimewafahamu wengi wao, na baadhi walikuwa walimu bora kuliko wenye vyeti vikubwa. Wao pia ndio waliobeba madarasa ya jioni ya kisomo cha watu wazima yaliyozaa takwimu nilizozitaja. Pamoja na hayo, mzazi aliyemwona kijana wa jirani, ambaye jana tu alikuwa mwanafunzi, akisimama ubaoni leo, alijifunza kwamba ualimu ni kazi ambayo mtu yeyote aliye karibu anaweza kuifanya.

Linganisha na upande wa afya katika miaka hiyohiyo. Serikali ilihitaji kufungua zahanati na vituo vya afya vijijini kwa haraka kama ilivyohitaji kufungua madarasa, na hapakuwa na madaktari wa kutosha. Haikuchukua vijana wa darasa la saba ikawasajili kuwa madaktari. Iliongeza ngazi nyingine, za waganga wasaidizi wa vijijini na matabibu, kila ngazi ikiwa na mafunzo yake, mipaka yake ya kutibu na njia yake ya kupanda kwa kusoma zaidi. Wanakijiji waliwaita wote daktari, hilo halina ubishi, lakini kwenye rejista na kwenye mlango wa kuingilia taaluma daktari alibaki daktari. Huu ndio msingi wa jibu langu kwako: taaluma hupata au hupoteza hadhi hasa mlangoni, pale inapoamuliwa nani aingie na nani asiingie, na taaluma ambayo mlango wake unashikwa na mtu mwingine, anayeufungua kila anapopata dharura, haiwezi kuilinda hadhi yake hata wenye kazi wakijitahidi vipi ndani.

Mlango huo ulifunguliwa tena miaka 30 baadaye, na safari hii bila kisingizio cha uchanga wa taifa. Ada ya shule ya msingi ilifutwa mwaka 2001, Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi (MMEM) ukaanza mwaka 2002, wanafunzi wakamiminika, kisha zikafuata shule za kata chini ya mpango wa maendeleo ya elimu ya sekondari ulioanza mwaka 2004. Shule zilijengwa kwa nguvu za wananchi kabla ya walimu kuwapo, na ili kuziba pengo vijana waliomaliza kidato cha sita walipewa mafunzo ya wiki chache na kupelekwa kufundisha. Wananchi, ambao hawakosi jina la kumpa mtu, waliwaita walimu wa vodafasta, kwa mfano wa huduma ya kuongeza muda wa maongezi papo hapo. Jina hilo lilikuwa la mzaha, lakini lilisema kwa usahihi jinsi raia walivyouelewa mlango wa ualimu. Wakati huohuo, kwa miaka mingi, vyuo vya ualimu vya ngazi ya cheti viliwapokea waliopata daraja la nne kidato cha nne, hata ikawa mtoto akifeli nyumbani anaambiwa kwamba angalau ualimu upo. Matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012, yaliyotangazwa Februari 2013, yalipoonyesha kwamba zaidi ya asilimia 60 ya watahiniwa walipata daraja sifuri, Waziri Mkuu akaunda tume na matokeo yakapangwa upya, lakini mitaani hukumu ilikuwa imeshatolewa, na aliyehukumiwa alikuwa mwalimu aliyeko darasani, si waliompeleka huko.

Sasa nije kwenye namna mwajiri anavyomtendea mwalimu mbele ya watu. Februari 2009 mkuu wa wilaya ya Bukoba aliamuru walimu 19 wa shule za msingi wachapwe viboko, kwa madai ya uchelewaji na matokeo mabaya ya mitihani. Rais Jakaya Kikwete alimwondoa kazini mara moja, na alifanya sawa. Ninachokuomba ukitafakari ni kile kilichotangulia amri ile. Kiongozi wa wilaya alikuwa na madaktari, mabwana shamba, mahakimu na maofisa wa ardhi katika eneo lake, na bila shaka baadhi yao walichelewa kazini, lakini kundi ambalo lilimjia akilini kwamba linaweza kucharazwa kama watoto lilikuwa walimu. Mtu hawezi kufikia wazo kama hilo bila jamii inayomzunguka kuwa imeshalilea kwa muda mrefu. Viongozi wengi ambao wasingethubutu kutoa amri ya namna hiyo bado humkaripia mwalimu mkuu mbele ya wanafunzi wakati wa ziara, kamera zikiwa zimewashwa, na mwanafunzi aliyeshuhudia hayo leo ndiye mzazi atakayefoka kesho.

Kuna pia suala la michango. Kwa miaka mingi mzazi alikutana na mwalimu hasa pale alipodaiwa: fedha za dawati, za mlinzi, za mtihani wa majaribio, na mtoto kurudishwa nyumbani asipolipa. Mwalimu hakuwa ameamua michango hiyo peke yake na mara nyingi hakuiona faida yake, lakini yeye ndiye aliyekuwa uso wake. Elimu bila ada iliyoanza Januari 2016, na agizo la Januari 2018 lililowakataza walimu kushika fedha za michango, yalimwondoa mwalimu katika nafasi ya mtoza ushuru, na naamini hatua hiyo ndogo iliisaidia heshima ya walimu kuliko hotuba nyingi za Siku ya Walimu. Wauguzi wetu wanatoa somo lilelile kwa upande wa pili. Ni wauguzi kama wale wanaoongoza orodha ya Gallup, lakini hapa kwetu mama anapowakumbuka kwa matusi aliyotukanwa chumba cha kujifungulia, mafunzo yao mazuri hayawaokoi. Watu hawaipimi taaluma kwa wastani wa siku zake zote. Wanaipima kwa saa ile waliyokuwa wanyonge mbele yake.

Hapo tunaingia kwenye imani, ambayo nilisema bado mnayo kwa kiasi kikubwa, lakini si ya kudumu. Nchini Uingereza, taasisi ya Ipsos imekuwa ikiwauliza watu tangu mwaka 1983 wanawaamini akina nani kusema kweli, na wakati huo viongozi wa dini walikuwa miongoni mwa wa kwanza kabisa. Tangu hapo wameshuka sana, huku walimu na madaktari wakibaki juu. Kilichowaumiza si tu kwamba baadhi ya makasisi waliwadhulumu watoto, kwa sababu kila kazi ina wahalifu wake. Kilichowaumiza zaidi ni kugundulika kwamba wakubwa wao walijua, wakawahamishia parokia nyingine, wakanyamaza. Ukilisoma hilo, Mwalimu, jiulize kama hulifahamu kutoka karibu zaidi. Mwalimu anayejulikana kuwa na uhusiano na mwanafunzi, kisha akahamishwa shule baada ya familia kuzungumza, anaiba imani ya wenzake wote, na wanaonyamaza wanamshikia ngazi. Sheria imekuwa kali, kwani tangu mwaka 2016 anayempa mimba mwanafunzi anaweza kufungwa miaka 30, lakini sheria ya nchi haiwezi kufanya kazi ambayo taaluma yenyewe inaikwepa. Video ya mwaka 2016 iliyoonyesha mwanafunzi wa sekondari jijini Mbeya akishambuliwa na vijana waliokuwa kwenye mazoezi ya ualimu, na kifo cha mwanafunzi wa shule ya msingi mjini Bukoba mwaka 2018 baada ya kuadhibiwa, vilifikishwa kwenye vyombo vya dola kwa sababu nchi nzima ilikuwa inatazama. Ningependa kuona siku ambayo wa kwanza kushtaki mambo kama hayo ni walimu wa shule hiyohiyo.

Je, heshima inaweza kurudi? Hadhi ya kazi hupanda polepole, lakini hupanda. Rwanda iliongeza mishahara ya walimu wa msingi kwa asilimia 88 mwaka 2022, na kama nilivyosema, nyongeza ya ukubwa huo ni tamko la serikali mbele ya raia kabla haijawa fedha mfukoni. Hapa kwetu hatua ninayoitazama kwa makini zaidi ni Bodi ya Kitaalamu ya Walimu iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2018, kwa sababu ni mara ya kwanza mlango wa ualimu kuwekewa bawabu wake kisheria, kama ilivyo kwa madaktari na wahandisi. Bodi hiyo ikiwa ofisi ya kukusanya ada za usajili tu, walimu wataichukia na watakuwa na haki. Ikiwa na uwezo wa kumkatalia asiyefaa hata serikali inapokuwa na haraka, na wa kumfuta aliyedhulumu mtoto hata halmashauri inapotaka kumhamisha kimyakimya, hapo itakuwa imefanya kile ambacho Chama cha Walimu, kwa kuwa ni chama cha kutetea maslahi, hakikuumbwa kukifanya. Usaili wa walimu wanaoomba ajira serikalini, ulioanza hivi karibuni na kulalamikiwa sana, una nia kama hiyo, lakini naona umewekwa mahali pasipofaa. Kumchuja kijana baada ya kumaliza miaka mitatu ya chuo kikuu kwa mkopo si kuulinda mlango. Ni kumwingiza ndani na kumwacha amesimama ukumbini. Mchujo wa kweli hufanyika kabla ya chuo, na hauna faida kama waliopita hawatapewa sababu ya kubaki.

Kuhusu mzazi aliyekufokea, sikushauri umjibu kwa ukali wala umwogope. Muite ofisini, mwalimu mkuu akiwapo, umweleze maendeleo ya mtoto wake kwa madaftari yaliyosahihishwa yakiwa mezani, na umwambie kwa upole kwamba malalamiko yake yatapokelewa hapo, si darasani. Mzazi mwenye elimu humheshimu mtu anayeijua kazi yake kwa undani, na huo ndio upande ambao wewe una nafasi kuliko babu yako.

Nimebakiza mdogo wako. Daraja la kwanza la kidato cha sita ni mtaji, na ukweli ni kwamba kwa masomo ya sanaa na sayansi ya jamii wahitimu wengi wa ualimu wanakaa miaka bila ajira, wengine wakijitolea kwa posho isiyofika mahali, kwa hiyo katika masomo hayo simshauri, hata awe na wito kiasi gani; na ujihadhari na mtu yeyote anayetaja wito wakati mnapozungumza mshahara. Kama tahasusi yake ilikuwa ya fizikia na hisabati, na kama amewahi kumfundisha mwenzake jambo gumu akaona raha alipoelewa, basi mwambie aombe. Aombe shahada ya sayansi pamoja na ualimu badala ya elimu pekee, ili abaki na njia ya pili, na kabla hajajaza fomu akae nawe shuleni wiki nzima, ikiwamo siku ya kikao cha wazazi.